Skizofrenia, jeni na seli za ubongo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Je, skizofrenia ni ugonjwa wa kurithi?

Kwa sehemu kubwa ndiyo, ila ugonjwa huu wa akili, unaomfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo na kupotewa na uhalisia, haurithiwi kama selimundu. Selimundu hutokana na jeni moja: ukipata nakala yenye kasoro kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama, unaugua. Katika skizofrenia mtu hurithi mwelekeo tu, na mwelekeo huo umetawanyika kwenye mamia ya sehemu za vinasaba.

Tafiti za mapacha, ikiwemo ile kubwa ya Denmark ya mwaka 2018, zinakadiria kiwango cha urithi kuwa karibu asilimia 80. Hapa ndipo wengi hupotea. Asilimia 80 haina maana kwamba mtoto wa mgonjwa ana uwezekano wa asilimia 80 wa kuugua. Ni kipimo cha kundi zima: ukichukua tofauti zilizopo baina ya watu katika kuelekea kwenye ugonjwa huu, takribani sehemu nne kwa tano zinaelezwa na jeni. Kuhusu mtu mmoja mmoja, namba hiyo haisemi kitu.

Mzazi au ndugu yangu anaumwa. Mimi nina uwezekano gani?

Katika sajili za taifa za Denmark, mtoto ambaye wazazi wote wawili hawakuwahi kulazwa kwa ugonjwa huu alikuwa na uwezekano wa chini kidogo ya asilimia 1. Mzazi mmoja akiwa mgonjwa, uwezekano ulifika asilimia 7. Wazazi wote wawili wakiwa wagonjwa, asilimia 27. Vitabu vingi vya tiba hutaja takwimu za juu zaidi, kama asilimia 10 hadi 13 kwa mzazi mmoja, kwa kuwa vinategemea tafiti za zamani zilizofanywa kwa watu wachache. Kwa kaka au dada wa mgonjwa ni karibu asilimia 9. Kwa mjukuu au mpwa, asilimia 3 hadi 5.

Daktari anayekutajia asilimia 7 aitaje na upande wake wa pili: watoto 93 kati ya 100 hawapati skizofrenia. Lakini asikufiche jambo jingine. Jeni hizi haziheshimu majina ya magonjwa, kwa hiyo katika familia hizo uwezekano wa ugonjwa wa hisia mseto (baipola) na wa sonona nao hupanda.

Mbona pacha mmoja anaugua na mwenzake, aliyetoka yai lilelile, ni mzima?

Hutokea nusu ya nyakati au zaidi. Pacha wa yai moja akiugua, mwenzake huugua katika asilimia 33 hadi 50 ya visa, kutegemea utafiti. Kinachobaki ni mazingira (kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, maambukizi tumboni, bangi ya ujanani) pamoja na bahati nasibu ya ukuaji wa ubongo. Seli bilioni nyingi zinapohama na kuunganishwa, hakuna ubongo unaojengwa mara mbili kwa namna ileile.

Utafiti wa Denmark wa mwaka 1989 ulitazama watoto wa mapacha hao. Watoto wa pacha mzima walikuwa na hatari karibu sawa na watoto wa pacha mgonjwa, yaani asilimia 17 hivi kila upande. Pacha mzima alibeba mwelekeo uleule na kuupitisha kwa wanawe, ingawa yeye mwenyewe haukumwangusha.

Ni jeni zipi hasa?

Kuna makundi mawili, na kuyachanganya huleta mkanganyiko mwingi.

Kundi la kwanza ni tofauti ndogondogo ambazo karibu kila mtu anazo baadhi yake. Mwaka 2014 ushirika wa kimataifa wa watafiti wa jeni za magonjwa ya akili ulitangaza sehemu 108 za vinasaba zinazohusiana na skizofrenia. Mwaka 2022, baada ya kulinganisha wagonjwa 76,755 na watu wasiougua 243,649, sehemu hizo zilifika 287. Kila moja peke yake huongeza hatari kidogo sana, kwa kawaida chini ya asilimia 10 ya hatari aliyonayo mtu wa kawaida. Nguvu yake iko kwenye wingi.

Kundi la pili ni mabadiliko adimu yenye nguvu. Utafiti mwingine wa mwaka 2022, uliosoma herufi za vinasaba kwenye sehemu zinazotengeneza protini kwa wagonjwa 24,248, ulitaja jeni 10. Miongoni mwake ni SETD1A, inayosimamia uwashaji wa jeni nyingine; GRIN2A na GRIA3, zinazojenga vipokezi vya glutameti, kemikali ambayo seli za neva huitumia kuamshana; CACNA1G, ya mlango wa kalsiamu kwenye utando wa seli; na TRIO, inayohusika na umbo la matawi ya seli za neva. Nakala moja ikiharibika, hatari huzidishwa mara 3 hadi 50. Mabadiliko haya ni adimu mno, kiasi kwamba wagonjwa walio wengi hawana hata moja.

GRIN2A imejitokeza katika makundi yote mawili, ya kawaida na ya adimu. Njia mbili tofauti za utafiti zinapokutana kwenye jeni moja, si jambo la kupuuza.

Nilisoma kwamba jeni ya DISC1, au COMT, ndiyo "jeni ya skizofrenia". Ni kweli?

Hapana. DISC1 iligunduliwa katika familia moja ya Uskoti ambamo kipande cha kromosomu ya 1 na cha kromosomu ya 11 vilibadilishana mahali, na watu wengi wa ukoo huo waliugua maradhi mbalimbali ya akili. Kwa familia hiyo ni habari ya kweli. Kwa wagonjwa kwa ujumla, tafiti kubwa hazikuikuta. COMT nayo ilisifiwa sana wakati tafiti zilikuwa na watu mia chache, kisha ikayeyuka namba zilipokua. Ukiona makala inajenga hoja nzima juu ya jeni moja teule, tazama kwanza idadi ya watu waliopimwa.

Ufutikaji wa 22q11.2 ni nini, na nani apimwe?

Ni kukosekana kwa kipande cha kromosomu ya 22, kwa kawaida chenye herufi milioni 3 hivi na jeni kadhaa makumi. Mtoto takribani mmoja kati ya 4,000 huzaliwa nao, huenda wengi zaidi. Karibu robo ya wenye ufutikaji huu hupata skizofrenia au saikosisi (hali ya kupotewa na uhalisia) inayofanana nayo, kwa hiyo katika mambo yote ya kijenetiki yanayojulikana, hili ni miongoni mwa yenye nguvu zaidi. Katika visa 9 kati ya 10 wazazi hawana, umejitokeza upya.

Mpimie mgonjwa wa saikosisi mwenye mawili au zaidi kati ya haya: kasoro ya moyo ya kuzaliwa, kaakaa lililopasuka au sauti inayotokea puani, kuchelewa kujifunza, kalsiamu ya damu iliyo chini, maambukizi ya mara kwa mara utotoni. Kosa la kawaida ni kuagiza picha ya kawaida ya kromosomu. Picha hiyo haioni vipande vilivyo chini ya herufi milioni 5 hadi 10, hivyo jibu hurudi "kawaida" na suala hufungwa. Agiza kipimo cha maikroarei ya kromosomu, kinachoona hata vipande vidogo vilivyokosekana, au kipimo cha kulenga eneo hilo moja kwa moja.

Jibu likiwa chanya, kazi haijaisha. Pima kalsiamu, homoni ya parathiroidi na tezi ya shingo, na chunguza moyo. Kalsiamu ikiwa chini, mgonjwa hupata degedege kirahisi, na klozapini, dawa ya saikosisi, nayo inashusha kinga ya degedege. Kwa hiyo kalsiamu irekebishwe kwanza na dozi ipandishwe polepole. Mtu huyu akizaa, kila mtoto ana uwezekano wa asilimia 50 wa kuurithi.

Vipo vipande vingine vya aina hii: ufutikaji wa 3q29, wa 15q13.3, wa 1q21.1, wa ndani ya jeni NRXN1, na kujirudia kwa 16p11.2. Vyote kwa pamoja hupatikana kwa asilimia 2 hadi 3 tu ya wagonjwa.

Ukoo wetu hauna mgonjwa hata mmoja. Umetoka wapi?

Hali hii ndiyo ya kawaida. Wagonjwa wengi hawana mzazi wala ndugu wa karibu mwenye skizofrenia. Baba na mama wanaweza kubeba kila mmoja sehemu ya mzigo isiyomsumbua, kisha mtoto akaokota sehemu zote mbili. Au badiliko likazaliwa upya katika mbegu ya baba: utafiti wa Iceland wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba kila mwaka unaoongezeka katika umri wa baba humwongezea mtoto mabadiliko mapya mawili hivi. Tafiti za watu wengi nazo zinaona hatari ikipanda kwa watoto wa baba wazee, ingawa kwa mtoto mmoja mmoja ongezeko hilo ni dogo. Lisitumiwe kumtafuta mchawi ndani ya nyumba.

Ndani ya ubongo, seli zinaharibika vipi?

Skizofrenia haiui seli kwa wingi kama ugonjwa wa Alzheimer. Ukihesabu seli za neva, idadi inakaribia kuwa ya kawaida. Tatizo liko kwenye viunganishi.

Kila seli kubwa ya gamba la ubongo, yenye umbo la piramidi, ina matawi yaliyojaa vijichomozi vidogo, na kila kijichomozi kwa kawaida hubeba sinapsi moja, yaani kiungo cha mawasiliano kati ya seli mbili, ya kupokea glutameti. Utafiti wa ubongo wa marehemu uliochapishwa mwaka 2000 ulikuta vijichomozi hivyo vimepungua kwa takribani asilimia 23 katika tabaka la 3 la gamba la mbele, eneo linalotumika kushika mawazo kwa muda na kupanga hatua. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kuwa ameacha kabisa kusikia sauti na bado akashindwa kufuata maelekezo ya hatua tatu.

Nani anaondoa sinapsi hizo? Ushahidi mmoja unaelekeza kwenye mikroglia, seli za kinga za ubongo. Protini za mfumo wa komplementi, ambao ni sehemu ya kinga ya mwili, huweka alama kwenye sinapsi, kisha mikroglia huzimeza. Mwaka 2016 ilionyeshwa kwamba ishara kali ya kijenetiki iliyokuwa ikionekana muda mrefu kwenye kromosomu ya 6 inatokana kwa sehemu na jeni C4. Watu hutofautiana kwa idadi na muundo wa nakala za C4, na kadiri muundo unavyotengeneza C4A nyingi ubongoni, ndivyo hatari inavyopanda. Mwaka 2019 watafiti walikuza maabara seli zinazofanana na mikroglia kutoka kwa wagonjwa, nazo zilimeza sinapsi nyingi kuliko za watu wazima wa afya. Minosaiklini, dawa ya kuua bakteria, ilipunguza ulaji huo. Usikimbilie kuinunua: majaribio ya kuitumia kama tiba ya skizofrenia hayajatoa matokeo ya kuaminika. Na hata mwenye muundo wa C4 ulio mbaya kuliko yote huongezewa hatari kwa asilimia 20 hadi 30 tu.

Upande wa pili kuna seli zinazozuia nyingine kwa kutumia kemikali ya kutuliza iitwayo GABA, hasa zile zenye protini iitwayo parvalbumini. Kwa wagonjwa, seli hizi hutengeneza kimeng'enya cha GAD67 kidogo kuliko kawaida, na hicho ndicho kinachozalisha GABA. Matokeo yake, seli za piramidi hazipigi kwa pamoja, na mawimbi ya umeme wa ubongo yaitwayo gama, yale ya mizunguko 30 hadi 80 kwa sekunde, hulegea. Kasoro hiyo hupimika kwa waya za kichwani mgonjwa akiwa hai.

Seli saidizi hazijasalimika. Astrosaiti na seli za neva za gamba la mbele zina kundi la jeni za kuhudumia sinapsi ambazo hupanda na kushuka kwa pamoja; utafiti wa mwaka 2024 ulikuta zimeshuka kwa wagonjwa na pia kwa wazee. Oligodendrosaiti, zinazofunika nyuzi za neva kwa mafuta ya mayelini, nazo huonyesha upungufu katika tafiti nyingi.

Dopamini imekwenda wapi katika maelezo haya?

Kemikali hii ya ubongo, inayotajwa sana skizofrenia inapozungumzwa, haijaondoka. Dawa zote za zamani za saikosisi, tangu klopromazini ya mwaka 1952, huziba kipokezi cha dopamini kiitwacho D2, na jeni ya kipokezi hicho, DRD2, imo kwenye orodha ya tafiti za vinasaba. Picha za ubongo zinaonyesha kwamba wagonjwa wengi hutengeneza na kumwaga dopamini nyingi kupita kiasi kwenye striatamu, eneo la ndani ya ubongo chini ya gamba. Mtazamo unaokubalika na wengi ni kwamba kasoro ya glutameti na GABA kwenye gamba inaachia dopamini ifurike huko chini. Dawa hufunga bomba la mwisho: sauti hupungua, ila ubaridi wa hisia na ugumu wa kufikiri hubaki.

Ketamini, dawa ya usingizi, inaunga mkono hoja hii. Huziba vipokezi vya NMDA vya glutameti, na kwa saa chache humpa mtu mzima wa afya dalili zinazofanana na skizofrenia, pamoja na ule ubaridi.

Kama jeni mtu huzaliwa nazo, kwa nini ugonjwa unaanza akiwa na miaka 20?

Kwa sababu gamba la mbele hukomaa mwisho. Katika ujana ubongo hupogoa sinapsi zisizotumika, na upogoaji huo huendelea hadi miaka ya ishirini. Aliyeanza na akiba ndogo, au anayepogolewa kupita kiasi, huonekana mzima hadi akiba inapoisha. Wanaume kwa kawaida huanza kuugua kati ya mwisho wa ujana na miaka 25 hivi; wanawake huchelewa kwa miaka kadhaa. Dalili za awali, kama kushuka kwa masomo na kujitenga, mara nyingi hutangulia miaka miwili mitatu kabla ya saikosisi yenyewe.

Watafiti wanazionaje seli za ubongo wa mtu aliye hai?

Hawazioni. Wanachofanya ni kuchukua damu au kipande cha ngozi cha milimita 3 au 4, kuziingizia seli hizo jeni nne (OCT4, SOX2, KLF4 na c-MYC), na kusubiri wiki 3 hadi 4 zirudi katika hali ya seli shina, zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine. Baada ya kukagua kromosomu zisije zikawa zimeharibika njiani, huzigeuza kuwa seli za neva. Kwa kuwasha jeni moja, NGN2, seli za neva hupatikana baada ya wiki mbili tatu. Kwa njia inayofuata hatua za ukuaji wa kawaida, huchukua miezi.

Udhaifu ni mwingi na ni vizuri kuujua unaposoma habari za "ubongo mdogo wa maabara". Seli hizo zina umri wa kijusi, si wa kijana wa miaka 20. Seli za mtu mmoja zikikuzwa mara mbili zinaweza kutofautiana kuliko seli za watu wawili. Utafiti mzuri hukata au kurekebisha badiliko moja tu katika seli za mtu yuleyule, kisha hulinganisha.

Kuna kipimo cha damu cha kuthibitisha skizofrenia?

Hakuna. Utambuzi hufanywa kwa mahojiano na kufuatilia dalili. Vipimo hutumika kutafuta magonjwa mengine yanayojifanya skizofrenia, na baadhi yake yana tiba kamili. Ugonjwa wa Wilson, wa jeni ATP7B, hulimbikiza shaba kwenye ini na ubongo: shuku ukiona mtetemeko, usemi mzito au ini bovu kwa kijana, na anza na seruloplasimini (protini ya damu inayobeba shaba) pamoja na shaba ya mkojo wa saa 24. Ugonjwa wa Niemann-Pick aina ya C humfanya mtu ashindwe kushusha macho haraka. Saikosisi iliyolipuka ndani ya siku au wiki chache, ikiwa na degedege, misogeo ya ajabu ya mdomo au kuganda mwili, ipimwe kingamwili za kipokezi cha NMDA kwenye maji ya uti wa mgongo.

Na vile vipimo vya kujumlisha alama za hatari za jeni?

Tusingekushauri ulipie. Hata kwa watu wa asili ya Ulaya, ambao ndio wengi kwenye data, alama hizo hueleza sehemu ndogo ya hatari, karibu asilimia 7. Kwa watu wa asili ya Afrika usahihi hushuka mara kadhaa, kwa sababu alama zimeokotwa kwenye vinasaba vya watu wengine. Pengo hilo linaanza kuzibwa: utafiti wa mwaka 2020 kwa Waxhosa wa Afrika Kusini, wagonjwa 909 na wasiougua 917, ulikuta mabadiliko adimu yaliyojazana kwenye jeni za sinapsi.

Je, jeni zangu zinaweza kusaidia kuchagua dawa au dozi?

Hapa ndipo jenetiki inapolipa leo, tena kwa bei nafuu kuliko kutafuta chanzo cha ugonjwa.

Kimeng'enya CYP2D6 huvunja aripiprazoli na risperidoni, ambazo ni dawa za saikosisi. Mtu asiye na nakala inayofanya kazi hulimbikiza dawa. Kwa aripiprazoli, maelekezo rasmi ni kumpa nusu ya dozi. Shuku hali hii mgonjwa anapokakamaa na kutetemeka kwa dozi ndogo isiyowasumbua wengine.

CYP1A2 huvunja klozapini, na moshi wa sigara huichochea. Ni moshi, si nikotini, kwa hiyo viraka vya nikotini havizibi pengo. Mvutaji akilazwa na kuacha ghafla, kiwango cha klozapini kinaweza kupanda kwa nusu au zaidi ndani ya wiki, naye akasinzia, akadondosha mate au kupata degedege. Pima kiwango kabla na baada. Klozapini huanza kufanya kazi vizuri kuanzia nanogramu 350 kwa mililita. Homa kali ya maambukizi nayo hupandisha kiwango cha klozapini.

La tatu linawahusu hasa watu wa asili ya Afrika kusini mwa Sahara. Karibu wote hubeba badiliko la jeni ACKR1 linalozima alama iitwayo Duffy kwenye chembe nyekundu za damu. Badiliko hilo pia hushusha idadi ya nyutrofili (aina ya chembe nyeupe za kinga) kwenye damu bila kupunguza kinga. Kikomo cha kawaida cha kuanza klozapini ni nyutrofili 1,500 kwa maikrolita, na wagonjwa wengi wamenyimwa au kuachishwa dawa iliyowafaa kwa sababu hiyo. Kwa mwenye hali hii, kikomo ni 1,000. Akiambiwa damu yake haitoshi, aulize kuhusu Duffy na aonyeshe majibu ya damu ya zamani, ya kabla ya dawa.

Bangi huleta skizofrenia?

Huongeza hatari, zaidi kwa anayevuta kila siku, aliyeanza mapema na anayetumia ile yenye THC (kemikali ya kulevya) nyingi. Kwa aliye na mzazi au ndugu mgonjwa, hiki ndicho kihatarishi kilicho rahisi kuliko vyote kukiondoa. Njaa tumboni mwa mama nayo huacha alama: waliotungwa mimba wakati wa njaa ya Uholanzi ya 1944–45 walipata skizofrenia mara mbili ya wenzao.

Tunataka kupata mtoto, na mmoja wetu anaumwa. Tuanzie wapi?

Chora ukoo wa vizazi vitatu: nani aliugua, akiwa na umri gani, dalili zipi, na kama alikuwa na kasoro ya moyo, kifafa au shida ya kujifunza. Mchoro huo ndio utakaoamua kama maikroarei inafaa. Ikipatikana kasoro inayojulikana kama 22q11.2, mimba inaweza kupimwa kwa sampuli ya kondo wiki ya 10 hadi 13, au maji ya uzazi kuanzia wiki ya 15. Bila kasoro ya namna hiyo, hakuna cha kupima tumboni. Kliniki zinazouza uchaguzi wa viinitete kwa alama za hatari zinauza matumaini.

Anza asidi ya foliki, mikrogramu 400 kwa siku, mwezi mmoja au zaidi kabla ya mimba. Kama mama anatumia valproeti, dawa ya kifafa na ya kutuliza mabadiliko ya hisia, daktari aibadilishe kabla hajashika mimba, kwani huharibu uti wa mgongo na akili ya mtoto. Dawa za saikosisi zisisimamishwe ghafla mimba inapogundulika: saikosisi ikirudi katikati ya ujauzito, mara nyingi madhara yake kwa mama na mtoto ni makubwa kuliko ya dawa, na miezi ya mwanzo baada ya kujifungua ndiyo yenye hatari zaidi.